Sababu ya Kumi na Moja

Siku ya soko, saa tatu asubuhi, Kandida Mbunda aliingia kwenye kibanda cha uwakala akiwa amejifunga kilemba kipya na amekwisha kufurahi kabla ya kupewa cha kufurahia. Wanawake sita wa kikundi chake walibaki mlangoni, wakisukumana ili wasikie.

"Tasi, mdogo wangu, leo usiniharakishe," alisema. "Haya maneno nimeyafanyia mazoezi tangu juzi. Nataka niyatamke kama padri."

Tasiana Kapinga alicheka, akasogeza kisanduku katikati ya meza. Kilikuwa kitu kidogo cha rangi ya udongo, kinachotosha kiganjani, hakina kioo wala vitufe. Kulikuwa na vingine kama hicho kwenye kila meza ya nyanya, kila bucha, kila mlango wa shule pale Mbinga. Watu walikuwa wameacha kushika fedha. Ukitaka chumvi, unasema. Ukitaka kulipa karo, unasema. Kauli, maana ndilo lilikuwa jina la kampuni, iliijua sauti ya kila mtu kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na kulipa kwenyewe watu walikuita kutoa kauli. Mabinti wawili wa Tasiana walikuwa hawajawahi kuona noti, ila ile moja aliyoitundika bibi yao ukutani.

Mikopo mikubwa tu ndiyo iliyohitaji binadamu. Sheria ilitaka awepo shahidi wa kuangalia kama mkopaji hajalazimishwa, na ushahidi huo ndio uliokuwa kazi ya Tasiana kwa mwaka wa tisa sasa.

Kandida alikohoa kidogo, akanyoosha mgongo.

"Mimi Kandida Mbunda, mwenyekiti wa Kikundi cha Pambazuko. Tunaomba mkopo wa shilingi milioni arobaini, tununue mashine ya kukaanga kahawa. Tumechoka kuuza buni mbichi halafu tunauziwa kahawa yetu wenyewe kwenye pakiti. Tutarejesha kwa misimu mitatu."

Kwa kawaida kisanduku hujibu kabla mtu hajafunga mdomo. Safari hii kilikawia mpaka mmoja wa wale wa mlangoni akauliza kama kimekufa.

"Ombi limepokelewa," kilisema hatimaye. "Subiri siku tisini."

Na sikioni mwa Tasiana, kwenye kipokezi ambacho mteja hasikii, sauti ileile ikaongeza: "Sababu, kumi na moja."

Kandida aliwageukia wenzake, akapiga makofi. "Si imesema subiri? Haijasema hapana! Mimi nilimsubiri Mbunda aje kunichumbia miaka minne, siku tisini ni nini?"

Wakatoka wanacheka. Tasiana alibaki ameshika ukingo wa meza.

Sababu moja mpaka kumi zilijulikana kwa mawakala wote. Mbili ni ukame, tano ni bei ya kahawa kushuka, nane ni kwamba mkopaji amelewa. Ya kumi na moja haikuwa na maelezo. Siku ya mafunzo, pale Songea, mwalimu wao alisema: "Hiyo ni ya ndani. Mkiisikia, mwambieni mteja asubiri, halafu mnyamaze." Wakaapishwa, kila mmoja mbele ya kisanduku chake.

Katika miaka tisa Tasiana alikuwa ameisikia mara nne. Ya kwanza ilikuwa kwa Hyera fundi seremala, aliyekuja kuomba fedha za mbao akiwa mzima kabisa. Mwaka uliofuata mikono yake ilitetemeka hata kikombe hakishiki. Ya pili kwa mwalimu Generosa. Huyo walimzika kabla ya kahawa kuiva. Ya tatu kwa mwashi mmoja wa Kigonsera aliyepooza upande. Wa nne alihama na mkewe, Tasiana hakujua mwisho wake. Kwa hiyo hakuwa na hakika. Alikuwa na watu watatu tu.

*

Tasiana alimkuta Wolfram Nchimbi, msimamizi wa mawakala wa wilaya, ofisini kwake anamenya chungwa kwa utaratibu, ganda halikatiki.

"Bwana Nchimbi, kumi na moja ni ugonjwa?"

Ganda likakatika.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimezika."

Wolfram aliinuka, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule mvua ilipobomoa kibanda cha Tasiana, ndiye aliyebeba mabati mgongoni. Alikaa tena, akazungumza polepole.

"Sikiliza, dada Tasiana. Ili Kauli ikujue wewe na si pacha wako, inasikiliza vitu elfu katika sauti yako. Pumzi. Kimya kati ya neno na neno. Mtetemo mdogo ambao sikio langu na lako haliwezi kuupata. Hakuna aliyeifundisha magonjwa. Iligundua yenyewe kwamba watu ambao sauti zao zinabadilika kwa namna fulani huwa hawamalizi mikopo. Basi. Ugonjwa haiujui. Inajua marejesho tu."

"Lakini sisi tunajua."

"Sisi tunakisia. Katika kumi, saba wanaugua kweli. Watatu hawana kitu. Wengine walikuwa na mafua tu, au wamefiwa. Ukimwambia mtu mzima kwamba anakufa, naye hafi, umemfanya nini? Na wewe si daktari, mimi si daktari. Ndiyo maana kuna kiapo."

"Na wale saba?"

Wolfram alitazama chungwa lake, hakulila.

"Ukivunja kiapo, leseni inakwenda," alisema. "Sitakuwa na la kukusaidia. Una watoto shuleni."

"Ungekuwa ni wewe, usingetaka kuambiwa?"

"Usiniulize hivyo."

"Nimeshauliza."

"Sijui," alijibu Wolfram, na Tasiana alimwamini. "Wallahi sijui."

Kwa siku sita Tasiana alimwepuka Kandida. Ilikuwa kazi ngumu, maana Kandida hakuwa mtu wa kuepukika. Alipita kibandani kumletea ndizi, alimpigia simu kumwambia jinsi mashine inavyonguruma, alimtania kanisani kwamba siku tisini zimebaki themanini na nne. Kila mara Tasiana alisikiliza ile sauti, akitafuta kasoro. Hakuisikia. Ilikuwa sauti pana, ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Ndiyo hasa iliyomtia hofu: kwamba kitu kinaweza kuwamo humo ndani na ile sauti iendelee kucheka.

Siku ya saba alifunga kibanda saa nne, akapanda mlima.

*

Kandida alikuwa shambani, kwenye ngoro zake, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa mtelemko mzima kama sega la nyuki. Alikuwa anapanda maharage. Alipomwona Tasiana anahema, alimcheka.

"Mjini kumekulemaza! Karibu, chukua jembe."

"Shikamoo, dada. Leo sikuja kulima."

"Marahaba. Basi kaa, unanitisha."

Walikaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani. Tasiana alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hakukumbuka hata moja. Alisema kama yalivyokuja: kwamba kuna sababu ambazo mteja hasikii, kwamba yake ilikuwa ya kumi na moja, kwamba kisanduku kimesikia kitu katika sauti yake. Alimtajia Hyera. Alimtajia Generosa. Alimwambia pia kwamba huenda si kitu, watu watatu katika kumi huwa hawana kitu.

Kandida alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo Tasiana hakulitegemea.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu siku ile ya soko."

"Siku ya soko. Umekula ndizi zangu, Tasi."

"Nimekula."

"Umekaa nami benchi moja kanisani. Hicho kidude kimejua, kampuni huko Dar imejua, wewe umejua. Mwenye mwili ndiye wa mwisho." Sauti haikupanda, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Hata ng'ombe akiugua, anayeambiwa kwanza ni mwenye ng'ombe."

"Niliapa, dada. Wakijua nimekwambia, kazi imekwisha."

"Sikukuuliza habari za kazi."

Akainuka, akarudia maharage yake. Akafukia mbegu, akafukia nyingine. Tasiana alikaa hapohapo, hakuthubutu kuondoka wala kusogea. Baada ya ngoro tatu nzima Kandida alijipangusa mikono kwenye khanga.

"Sasa unakaa kama kuku wa mvua. Basi la Songea linaondoka saa ngapi kesho?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Utakuja nami. Na nauli unalipa wewe, kwa zile ndizi."

*

Daktari wa hospitali ya rufaa alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini alipopapasa shingo ya Kandida haraka ilimtoka. Alipima, akapiga picha, akapima tena. Kulikuwa na uvimbe kwenye tezi, mdogo kama punje ya mahindi, na ulikuwa umeanza kuusogelea mshipa wa fahamu unaoendesha sauti.

"Nani kakuleta mapema hivi?" aliuliza. "Huna maumivu, huna kikohozi. Watu wa namna hii huwa nawaona wakiwa wameshindwa kumeza."

"Nilijisikia tu," alisema Kandida, bila kumtazama Tasiana.

Walimpasua wiki ya pili. Uvimbe ulitoka wote, nao ulikuwa wa ile aina mbaya, ila haukuwa umetembea. Daktari alimwambia atameza kidonge kila asubuhi maisha yake yote, na kwamba atazeeka. Kandida akalia kidogo, akaomba uji.

Sauti tu ndiyo haikurudi ilivyokuwa. Ule mshipa ulikuwa umeguswa. Kilichobaki kilikuwa sauti nyembamba yenye mikwaruzo, kama mlango unaohitaji mafuta. Kandida alijisikiliza, akashangaa.

"Nimekuwa bibi yangu," alisema, na kicheko chenyewe kikatoka na mikwaruzo.

*

Matatizo yalianza siku waliporudi Mbinga, kwenye duka la kona. Kandida alitaka sukari kilo mbili.

"Natoa kauli, sukari."

"Sikutambui," kikasema kisanduku cha dukani.

Alirudia. Akajaribu kuinua sauti, ikakatika. "Sikutambui," kilisema mara ya tatu, na baada ya hapo kikafunga akaunti. Mwenye duka alimpa sukari kwa deni.

Akaunti hiyo haikuwa yake peke yake. Fedha za msimu wa kikundi kizima zilikuwa chini ya sauti ya mwenyekiti, na kahawa ilikuwa imeiva. Wachumaji ishirini na wawili walikuwa wameshaanza kazi, na malipo yao yalikuwa kila Jumamosi.

Wolfram alikuja kesho yake na uso mzito. Waliketi kibandani, watatu.

"Makao makuu yamezuia akaunti," alisema. "Wao wanaona hivi: mtu anapata kumi na moja, wiki chache baadaye sauti inabadilika, na mtu mwingine anadai ni yeye. Wanasema kuna aliyeuza akaunti kabla ya kufa. Yameshatokea kwingine. Uchunguzi ni siku tisini."

"Nimekufa?" aliuliza Kandida. "Mbona bado nadaiwa sukari?"

Wolfram hakucheka. Alimgeukia Tasiana. "Kinachohitajika ni maelezo. Mtu asiye na maumivu anakwendaje kutafuta uvimbe asioujua? Kama alikuwa na sababu yake, aiseme, na wakala athibitishe mbele ya kisanduku. Yakieleweka, wataifungua."

Tasiana alielewa anachoambiwa, na aliona kwamba Wolfram naye anaelewa. Kandida alimkanyaga Tasiana mguu chini ya meza.

"Niliota ndoto," Kandida alisema kwa ile sauti mpya. "Marehemu mama alinishika shingo. Andikeni hivyo."

Ilikuwa njia. Watu huota, na mashine haijui ndoto. Tasiana aliwaza karo ya mabinti wake, akawaza kodi ya kibanda. Aliwaza pia kwamba uongo ule ukikubaliwa, mtu wa sita atakuja kwenye meza ile, ataambiwa asubiri, atatoka anacheka. Na yeye atabaki ameshika ukingo wa meza.

Akakivuta kisanduku karibu.

"Mimi Tasiana Kapinga, wakala wa Mbinga. Kandida Mbunda ni huyu aliyekaa hapa. Alikwenda hospitali kwa sababu mimi nilimwambia sababu ya kumi na moja. Nilivunja kiapo nikijua ninakivunja. Uvimbe ulikuwepo. Sasa haupo. Ndiyo maana sauti imebadilika."

Kisanduku kilikawia.

"Maelezo yamepokelewa," kilisema. "Leseni ya wakala imesimamishwa."

"Mpumbavu wewe," Kandida alimnong'oneza Tasiana, akamshika mkono akauminya, hakuuachia.

*

Majibu kamili yalichukua siku kumi na moja. Jumamosi mbili zilipita katikati yake. Ya kwanza, Kandida alisimama juu ya gunia mbele ya wachumaji, akajaribu kuwaeleza, na wale wa nyuma hawakumsikia. Mama mmoja mtu mzima, mchumaji wa siku nyingi, akamwambia ashuke asijiumize koo.

"Tunakujua mwenyekiti. Ulipotulipa miaka yote hiyo, tulikuwa tunakuamini wewe au kile kisanduku? Kahawa haitaki kusubiri. Twendeni."

Wakaenda. Tasiana, ambaye hakuwa na kibanda tena, alichukua kikapu akaenda nao. Vidole vyake vilikuwa laini. Siku ya kwanza alijaza kikapu kimoja na robo huku wenzake wakijaza vitano. Walimcheka mpaka jioni, na yeye akacheka. Hakukumbuka kama aliwahi kulala usingizi mzito kama wa wiki ile.

Wolfram alileta majibu mwenyewe, na kisanduku kipya kwenye begi. Aliwakuta kwenye uwanja wa kuanikia, akakaa juu ya turubai.

"Dada Tasiana, umesimamishwa miezi sita," alisema. "Walitaka iwe moja kwa moja. Niliwaandikia. Niliwaambia pia kwamba wakikufuta wewe, wanifute na mimi, maana nilijua tangu siku ile ya chungwa kwamba utamwambia, na sikukuripoti."

"Bwana Nchimbi!"

"Ngoja nimalize. Nimewapelekea na cheti cha daktari. Wamekaa nacho, wamebishana. Mmoja wao, sijui ni nani, aliuliza kampuni imezika wateja wangapi kwa kunyamaza." Akatoa kisanduku. "Wanajaribu utaratibu mpya, Mbinga kwanza. Mwenye sauti ataulizwa kama anataka kuambiwa. Akitaka, ataambiwa yeye kabla ya mtu mwingine, na atapewa barua ya kwenda hospitali. Na sauti haitatumika tena kumnyima mtu mkopo. Kuhusu mkopo watadhaminiana wenyewe, watu watano watano, na ombi lenu la mashine litapitia huko."

"Na asiyetaka kuambiwa?" aliuliza Tasiana.

"Hataambiwa. Wala wakala hatajua."

Kwanza ilibidi Kauli ijifunze sauti mpya. Utaratibu ulitaka watu watano wanaomfahamu, kisha mwenyewe azungumze robo saa, chochote. Tasiana alikuwa mmoja wa watano, safari hii kama jirani tu. Walitaja majina yao, wakasema: huyu ni Kandida. Halafu ikawa zamu yake.

Alikitazama kisanduku, hakujua aanzie wapi. Akaanza na sukari. Alikigombeza kwa kumwaibisha dukani mbele ya watu, kwa sauti ile ya mikwaruzo, na wanawake wakaanza kuinama kwa kicheko. Akaenda kwenye hospitali na uji usio na chumvi. Akasimulia jinsi Mbunda alivyokuja kumchumbia, akatumbukia kwenye ngoro, akatoa posa akiwa na tope mpaka kiunoni. Robo saa ilipita, hakuna aliyemkatiza. Wolfram mwenyewe alikuwa anafuta macho.

"Nimekutambua, Kandida Mbunda," kisanduku kilisema.

"Umechelewa," alijibu. "Hawa walinitambua siku niliyoshuka kwenye basi."

Kikauliza swali lake jipya. Siku za mbele, kikisikia badiliko katika sauti yake, anataka kuambiwa?

"Niambie. Usinifiche hata kidogo. Ila umwite na Tasi, nisiwe peke yangu."

Hapohapo akawalipa wachumaji, mmoja baada ya mwingine, akitaja kila jina kwa kulikwaruza. Malipo yalipokwisha Wolfram alimsogezea Tasiana kisanduku. Kila mtu wa Mbinga angeulizwa, alisema, na yeye alikuwa hapo.

Siku zote Tasiana alikuwa amedhani jibu lake analijua. Alifikiria mabinti wake, akafikiria mwalimu Generosa alivyotoka kibandani siku ile akipiga mluzi, hajui kitu, na akagundua kwamba sehemu moja ya moyo wake ilimwonea wivu.

"Mimi bado," alisema. "Nipeni muda."

"Una muda," alisema Wolfram. "Hakuna siku ya mwisho."

Wanawake walikuwa wameshachukua vikapu, maana jua lilikuwa bado juu na upande wa chini wa shamba ulikuwa haujaguswa. Tasiana akachukua chake, akawafuata. Siku hiyo alijaza vitatu.